Hukauka au Hukaushwa? Lugha ya Michoro ya Mchakato katika Mtihani wa Kiingereza

Si kawaida ya kurasa hizi kujadili mitihani ya Kiingereza. Kazi tuliyokabidhiwa ni istilahi za Kiswahili, na msomaji ana haki ya kutuuliza yanatuhusu nini mambo ya mtihani uliotungwa ng'ambo kwa lugha ya ng'ambo. Jibu letu ni kwamba swali hilo lililetwa ofisini na mtu aliyekuja kutafuta neno la Kiswahili, akalikosa. Baada ya kuichunguza shida yake tuliona kwamba sehemu yake kubwa haikutoka katika Kiingereza. Ilitoka kwetu.

Mtu huyo ni muuguzi anayejiandaa kufanya mtihani ujulikanao kwa herufi za IELTS. Mtihani huu ulianza mwaka 1989 kuchukua nafasi ya ule wa ELTS uliokuwapo tangu 1980, na wenye kuumiliki kwa pamoja ni British Council, IDP na Cambridge. Matokeo yake hutolewa kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 9, na nusu daraja huhesabiwa. Nusu hiyo si jambo dogo. Baraza la wauguzi la Uingereza lilikuwa likidai daraja 7 katika stadi zote nne. Mwishoni mwa mwaka 2018 lilikubali 6.5 katika kuandika, likabakiza 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza. Hapo tu msomaji ataona kwamba kuandika ndiko kulikokuwa kukiwaangusha wengi, na kwamba nusu daraja yaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Katika mkondo wa kitaaluma wa mtihani huo, sehemu ya kuandika huchukua dakika 60 na ina kazi mbili. Kazi ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, nayo ina uzito maradufu. Kazi ya kwanza, ambayo mtahiniwa hushauriwa kuitumia dakika 20 na kuandika maneno yasiyopungua 150, humtaka aeleze kwa maneno kitu kilichochorwa: jedwali, grafu, ramani, au mchoro unaoonyesha jinsi kitu kinavyotengenezwa au kinavyotokea. Huo wa mwisho ndio tunaouita mchoro wa mchakato. Mtahiniwa haruhusiwi kutoa maoni yake wala kuongeza elimu aliyo nayo kichwani. Anatakiwa aseme kile kilichochorwa, kwa utaratibu, na kwa namna ambayo mtu asiyeuona mchoro ataelewa. Kazi yake husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kutimiza swali, mpangilio na mshikamano, utajiri wa msamiati, na upana na usahihi wa sarufi.

Muuguzi wetu alituletea karatasi yake ya mazoezi. Mchoro aliopewa unafahamika sana kwa wanaojiandaa na mtihani huu, nao una pande mbili. Upande wa kwanza unaonyesha maisha ya nondo wa hariri: nondo hutaga mayai, kiwavi hutoka, hula majani ya mforosadi, hujizungushia uzi hadi ukawa kifukofuko, na mwishowe nondo hutoka. Upande wa pili unaonyesha utengenezaji wa kitambaa: vifukofuko huchaguliwa, huchemshwa, uzi hukunjuliwa, husokotwa, hufumwa, na kutiwa rangi.

Upande wa pili aliuandika vizuri. Upande wa kwanza uliharibika. Tukiurudisha Kiingereza chake katika Kiswahili neno kwa neno, alisema kwamba mayai hutagwa, kiwavi hukuzwa kwa wiki kadhaa, uzi huzungushwa, kisha nondo hutolewa katika kifukofuko. Anayesoma hawezi kujizuia kuuliza: hutolewa na nani? Yuko wapi mkulima huyu anayemkuza kiwavi na kumvuta nondo nje? Katika mchoro hayupo. Tulipomuuliza muuguzi kwa nini aliandika hivyo, alijibu bila kusita: "Nimefundishwa kwamba mchakato huandikwa kwa kauli ya kutendwa."

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kanuni hiyo imo katika vitabu vya mazoezi na katika madaftari ya madarasa ya jioni, na si uongo mtupu. Kiwandani, anayetenda hana umuhimu. Yaliyo muhimu ni yale yanayofanyiwa malighafi. Kwa hiyo Kiingereza hupenda kauli ya kutendwa mahali hapo, na Kiswahili vilevile. Lakini kanuni iliyokatwa nusu ni mbaya kuliko kutokuwa na kanuni. Mambo ya asili hayatendwi na mtu: mvua hunyesha, mto hutiririka, kiwavi hukua. Mtahiniwa aliyekariri nusu ya kwanza ya kanuni huyapaka mambo yote rangi moja, na msahihishaji huona mara moja kwamba huyu ameleta umbo alilolibeba kutoka nyumbani, hakuutazama mchoro.

Inasikitisha zaidi kwamba muuguzi huyu, kwa lugha yake mwenyewe, asingeweza kulikosea jambo hilo. Tulimwomba aueleze mchoro uleule kwa Kiswahili, kwa mdomo, akasema bila kufikiri: "Nondo hutaga, kiwavi hutoka, hula, hukua, hujizungushia uzi." Hakuna kutendwa hata kumoja. Alipofika kiwandani sauti ileile ikageuka yenyewe: "Vifukofuko huchaguliwa, huchemshwa, uzi hukunjuliwa." Mpaka kati ya asili na kiwanda ulikuwa wazi kinywani mwake. Ulipotea alipoivaa kanuni.

Tuchukue mfano wa nyumbani ili jambo hili lionekane vizuri. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na tangu siku hizo wafanyakazi wa mashamba wamekuwa na maneno yao ya kuueleza mchakato wake, bila kusubiri chombo chochote cha istilahi. Jani hukatwa shambani, hufungwa matita, hupelekwa korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata, ambako nyama ya jani huondolewa na nyuzi hubaki. Nyuzi hizo ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 4 ya uzito wa jani. Huoshwa, huanikwa juani zikakauka, na zikishakauka hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kufungwa marobota.

Msomaji atazame vitenzi hivyo kimoja kimoja. Karibu vyote ni vya kutendwa: hukatwa, hufungwa, hupelekwa, huoshwa, huanikwa. Katikati yao, ukiacha hubaki, kimesimama kimoja kisichotendwa, nacho ni kukauka. Mtu huzianika nyuzi, lakini hazikaushi. Kukauka ni kazi ya jua na upepo. Penye kikaushio cha hewa moto mambo hubadilika, na hapo mfanyakazi husema kwamba nyuzi hukaushwa. Kwa silabi moja tu ameshatueleza kama kiwanda kina mtambo au kina uwanja wa jua. Huo ni usahihi ambao mtaalamu yeyote angejivunia.

Usahihi huo unatokana na mnyambuliko wa vitenzi. Kiswahili kina mafungu ya vitenzi vinavyokwenda vitatuvitatu: kauka, kausha, kaushwa, chemka, chemsha, chemshwa, yeyuka, yeyusha, yeyushwa, ganda, gandisha, gandishwa, poa, poza, pozwa, iva, ivisha, ivishwa. La kwanza hutaja tukio linalotokea lenyewe, la pili hutaja mwenye kulisababisha, la tatu hukitazama kitu kikifanyiwa. Zaidi ya hayo tuna kiambishi -ji-, ambacho humwonyesha mtenda anayejitendea, kama kiwavi anayejizungushia uzi.

Sasa, Kiingereza katika vitenzi vingi vya aina hii hutumia neno moja kwa tukio na kwa tendo. Neno lao la kuchemka ndilo lao la kuchemsha. La kukauka ndilo la kukausha. La kuyeyuka ndilo la kuyeyusha. Tofauti haimo katika shina la neno, bali katika muundo wa sentensi. Kwa hiyo mwanafunzi anayelitazama neno la Kiingereza peke yake haoni chochote cha kumwonya. Kiswahili kinaonyesha waziwazi kile ambacho Kiingereza kinakificha, na hata hivyo tumemfundisha mtoto wetu aache taa yake mlangoni kabla ya kuingia katika chumba chenye giza.

Haifai, hata hivyo, tulifanye jambo hili kuwa kanuni nyingine ya kukariri. Lugha mbili hazikubaliani kila mahali. Sisi husema kwamba mayai huanguliwa, kwa kauli ya kutendwa, kwa sababu tunamwona mama wa kuku ameyalalia. Kiingereza husema tukio hilo bila kutendwa. Mtahiniwa atakayehamisha kila kiambishi kutoka upande mmoja kwenda wa pili ataanguka hapo. Tunachodai si kwamba Kiswahili kimjibie mtahiniwa sarufi ya Kiingereza. Tunadai kimsaidie kuuliza swali lililo sahihi kabla hajashika kalamu, nalo ni hili: katika hatua hii, kuna mtu au mtambo unaotenda, au jambo linatokea lenyewe? Akishalijibu, sarufi ya Kiingereza atakuwa na mahali pa kuiweka.

Liko jambo la pili ambalo lugha yetu ingalimwokoa muuguzi. Katika karatasi yake alichanganya hali mbili za Kiingereza: mahali pengine alisema jambo kama desturi ya siku zote, mahali pengine kama jambo linaloendelea wakati huo. Kosa hili linaeleweka. Kiambishi -na- hubeba mizigo miwili katika Kiswahili cha leo; "maji yanachemshwa" yaweza kuwa habari ya sasa hivi jikoni, au habari ya kila siku. Lakini tunacho kiambishi hu-, ambacho hakikubali mzigo wa kwanza. "Maji huchemshwa" ni desturi tu. Michoro ya mchakato yote ni habari za desturi, na hali ya kawaida ya Kiingereza ndiyo jirani ya hu-. Mwanafunzi akiuandaa mchoro wake kichwani kwa hu- tangu mwanzo hadi mwisho, kosa hilo litapungua sana. Inasikitisha kwamba kiambishi hiki kinazidi kusikika mara chache katika maandishi ya vijana, ambao huandika -na- kila mahali.

Jambo la tatu ni viungo. Madaftari humpa mtahiniwa orodha: kwanza, pili, tatu, halafu, baadaye, hatimaye, naye huzitundika mbele ya kila sentensi kama namba kwenye milango. Karatasi ya muuguzi ilikuwa na "baada ya hapo" mara tano kwa Kiingereza. Lugha yetu haiunganishi hatua kwa namna hiyo. Huziunganisha ndani ya kitenzi: zikishakauka, hupigwa brashi, vikishachemshwa, uzi hukunjuliwa. Hapo msomaji haambiwi tu kwamba jambo la pili limefuata, bali kwamba la kwanza lilipaswa kutimia ili la pili liwezekane. Kiingereza nacho kina miundo ya kusema hivyo, nayo ni bora kuliko orodha ya namba. Mwenye kujua kwamba anatafuta maana ya -kisha- ataitafuta miundo hiyo. Asiyejua atabaki na namba zake.

Tumefika kwenye neno lililomleta muuguzi ofisini. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwa wino mwekundu chini ya karatasi kwamba sehemu moja ya lazima haikuwapo. Ni ile sentensi moja au mbili ambazo humpa msomaji umbo zima la mchoro kabla ya undani wake: kuna hatua ngapi, zinaanzia wapi na kuishia wapi, ni mstari au ni mzunguko, ni mambo ya asili au ya binadamu. Katika vigezo vilivyochapishwa sehemu hii ina uzito mkubwa. Anayesimulia hatua moja baada ya nyingine kimakanika bila kuionyesha sura nzima hawezi kupanda. Muuguzi alitaka kujua: sehemu hii inaitwaje kwa Kiswahili? Maana darasani aliisikia mara ikiitwa muhtasari, mara utangulizi, mara hitimisho.

Majina hayo matatu yote yanapotosha, na kila moja linapotosha kwa namna yake. Muhtasari ni kufupisha yote yaliyosemwa, na mtahiniwa akiambiwa aandike muhtasari atayarudia yaleyale kwa ufupi. Utangulizi ni kulisema swali upya kwa maneno mengine, kazi ambayo tayari ina sentensi yake. Hitimisho ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa humfanya mtahiniwa atoe hukumu: kwamba hariri ni kitambaa kizuri, au kwamba kiwanda kina manufaa kwa taifa, mambo ambayo mchoro haukuyasema. Wako waliopendekeza "mtazamo wa jumla". Nalo hatulipendi, kwa sababu kwa Waswahili mtazamo ni rai ya mtu, na rai ndiyo hasa iliyokatazwa hapa. Sisi tunapendekeza "sura ya jumla". Sura ni ya kitu kinachotazamwa, wala si ya mtazamaji. Anayeambiwa aeleze sura ya jumla ya mchoro hatashawishika kusema anaupenda au anauchukia.

Neno mchakato lenyewe nalo linahitaji kulindwa. Linatokana na kitenzi chakata, na hadi leo mkonge huchakatwa. Ni neno lenye mikono na jasho. Lakini katika hotuba na habari limekuwa pazia: jambo likikwama, wananchi huambiwa kwamba mchakato unaendelea. Kwa matumizi hayo mchakato ni jambo lisilo na mwanzo, lisilo na hatua, na lisilo na siku ya mwisho. Yaani kinyume kabisa cha kile kinachochorwa. Hatupendekezi neno hili liachwe. Tunapendekeza lisimame pamoja na wenzake, kila mmoja na kazi yake: mchakato ni jambo zima, awamu ni fungu la hatua, kama vile awamu ya asili na awamu ya kiwandani katika mchoro wa hariri, hatua ni tendo au tukio moja, mfuatano ni mpangilio wa hatua unaoishia mahali tofauti na ulikoanzia, na mzunguko ni mpangilio unaorudi mwanzoni, ambao kwa hiyo hauna mwanzo isipokuwa ule tuliouchagua sisi tunaoeleza.

Lawama ya mwisho inatuangukia sisi wenyewe. Mtu akifungua orodha za istilahi ambazo vyombo vya lugha vimezitoa kwa miaka mingi, atakuta nomino zimejipanga safu kwa safu. Tumewapa watu majina ya mitambo, majina ya kemikali, majina ya vyeo. Vitenzi ni vichache, na pale vinapokuwapo vimeandikwa kwa umbo moja, bila kuonyeshwa vinavyonyambuka. Lakini mchakato hauishi katika nomino. Mwanafunzi aliyepewa jina la kikaushio bila kuonyeshwa tofauti ya hukauka na hukaushwa amepewa ala bila kufundishwa kuitumia. Katika shule nyingi za Tanzania mtoto husoma mzunguko wa maji kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akifika sekondari husomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Katika kuvuka hapo hakuna anayemwambia kwamba alichokwisha kukijua kuhusu mvuke na matone kina thamani upande wa pili. Huambiwa aanze upya, na huanza kwa kukariri. Yule muuguzi alikariri akiwa mtoto, na sasa akiwa mtu mzima anakariri tena kwa ada ya mtihani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, orodha za istilahi za viwanda, kilimo na sayansi zitakazotolewa ziorodheshe kila kitenzi cha mchakato kwa maumbo yake matatu, pamoja na sentensi moja ya hu- kwa kila umbo, na maneno hayo yakusanywe kwanza kwa wenye kazi: wa mkonge, wa chai, wa chumvi, wa chokaa. Pili, walimu wa Kiingereza wasione haya kumwomba mwanafunzi aueleze mchoro kwa Kiswahili kwa dakika mbili kabla hajauandika kwa Kiingereza. Katika dakika 20 za mtihani hatakuwa na nafasi hiyo, lakini katika miezi ya maandalizi anayo, na akili iliyokwisha kuzoea kutenganisha tukio na tendo haitahitaji dakika mbili siku ile.

Muuguzi aliondoka na neno "sura ya jumla" ameliandika pembeni mwa karatasi yake, na vile vitenzi vya nondo amevifuta. Wasomaji walio karibu na viwanda na mashamba tunawaomba watuletee vitenzi vyao, jinsi vinavyosemwa huko, kabla hatujawatungia vingine wasivyovihitaji.